Ukitaka kununua kebo ya jirani

*SWALI: Shikamoo mzee. Nina biashara ndogo ya kebo ya televisheni hapa Morogoro, nyumba 340. Jirani yangu ng'ambo ya mto ana nyumba kama 200, na sasa amechoka, anataka kuniuzia kila kitu: waya, mitambo na wateja. Kijana mmoja wa chuo ameniambia Comcast ya Marekani ilianza hivi hivi, ikawameza wenzake mmoja mmoja hadi ikawa jitu. Ni kweli? Na pesa za kuwanunua ilizitoa wapi? – Mwenye kebo, Morogoro*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kijana wako hakukudanganya, ila amekusimulia karamu bila kukupitisha jikoni.

Mimi niliwatunzia hesabu wenye mabasi kwa miaka 26. Mtu akinitajia kampuni iliyonunua wenzake, swali langu la kwanza ndilo lako la mwisho: kwa pesa ya nani?

Ralph Roberts, mwanzilishi, alikuwa mtu wa mikanda ya suruali. Zilipoingia suruali zisizohitaji mkanda akaingiwa na hofu, akauza kampuni yake. Mwaka 1963 yeye, Daniel Aaron na Julian Brodsky wakanunua kebo ya mji wa Tupelo, jimbo la Mississippi, kwa dola 500,000. Wateja walikuwa 1,200, chaneli tano. Brodsky alikuwa mhasibu. Usipite haraka hapo. Tupelo iko mbali na vituo vya Memphis, antena ya bati juu ya paa haikushika picha ya maana, ndiyo maana watu walikubali kulipia waya utokao kwenye mnara mmoja mrefu. Jina la Comcast lilikuja 1969, na 1972 wakaanza kuuza hisa kwa umma.

Sasa jikoni. Basi leo limejaa, kesho limelala gereji. Mteja wa kebo hulipa kila mwezi, na akihama nyumba, anayeingia huvuta waya ule ule. Mkopeshaji humhesabu mteja wa namna hiyo kama mkulima wa Mtwara anavyohesabu mikorosho yake. Comcast ilikopa kwa nguvu ya malipo hayo, ikanunua, wateja wapya wakasaidia kulipa deni, ikakopa tena. Mzigo ukiwa mkubwa mno iliingia ubia: mwaka 1986 ilichukua asilimia 26 tu ya Group W Cable, na kipande hicho kikaifikisha kwenye wateja milioni moja, takriban mara mbili ya iliokuwa nao. Mwaka 1997 Microsoft nayo ikatia dola bilioni 1.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha kushindwa. Mwaka 1999 Comcast, ambayo sasa iliongozwa na mwanawe Ralph, Brian Roberts, ilikubaliana kuinunua MediaOne, kampuni nyingine ya kebo. AT&T, kampuni ya simu, ikaja na bei kubwa zaidi. Roberts hakugombana. Akapokea dola bilioni 1.5 za fidia ya mkataba kuvunjwa, akapatana na AT&T wabadilishane baadhi ya wateja, akarudi zake Philadelphia, makao ya Comcast. AT&T ilikuwa imeshainunua pia TCI, nayo ya kebo, na madeni yakaanza kuielemea. Mwaka 2001 Roberts akabisha hodi: niuzieni kebo yenu yote. Biashara ikafungwa Novemba 2002, na Comcast, iliyokuwa na wateja milioni 8 na kitu, ikawa na zaidi ya milioni 21. MediaOne aliyoikosa ilikuwemo humo humo ndani ya furushi.

Ilipotangazwa, bei hiyo ilitajwa kuwa kama dola bilioni 72 pamoja na madeni. Hakuna aliyebeba noti kwenye gunia. Sehemu kubwa ililipwa kwa hisa za Comcast zenyewe. Ungetarajia wenye kampuni wapotee kwenye umati wa wanahisa wapya, lakini familia ina hisa za daraja lake, chache kwa thamani ila kila moja ina kura nyingi, na Brian akabaki na theluthi moja ya kura. Mimi hilo silipendi, nasema wazi. Mwenye hisa wa kawaida anabeba hasara sawa na wengine bila kuwa na sauti sawa. Ila kwa ujanja, nampa maksi zote.

Si kila mlango ulifunguka. Disney ilikataa kununuliwa naye mwaka 2004. Aprili 2015 aliachana na Time Warner Cable, biashara ya dola bilioni 45, baada ya wasimamizi wa serikali kuonyesha hawataipitisha. Alipozuiwa kuongeza waya alikuwa ameshageukia vipindi: NBCUniversal, kampuni ya televisheni na filamu, aliipata kwa sehemu, asilimia 51 mwaka 2011 na iliyobaki 2013. Sky, kampuni ya televisheni ya Uingereza, aliipata Septemba 2018 kwa mnada wa bahasha zilizofungwa, pauni 17.28 kwa hisa. Na usione wivu sana, maana Wamarekani wanakata kebo na kubaki na intaneti. Novemba 2024 Comcast ilitangaza kuzitenga chaneli zake nyingi za kebo, CNBC na USA Network zikiwemo, ziwe kampuni ya peke yake.

Wewe wa nyumba 340, cha kukufaa zaidi ni kisa cha Lenfest, kampuni ya kebo. Comcast iliinunua mwaka 2000, na mitandao yake ilikuwa pale pale kuzunguka Philadelphia. Ukinunua anayepakana nawe, mtambo mmoja wa kupokea matangazo unatosha pande zote mbili, fundi ni yule yule na pikipiki ile ile. Ukinunua aliye mbali, umenunua kazi ya pili. Jirani yako yuko ng'ambo ya mto tu, kwa hiyo uliza kwanza waya utavukaje na nani atatoa kibali.

Kisha mwombe stakabadhi za miezi sita, daftari peke yake halitoshi. Mmoja wa wenye mabasi wangu alinunua njia yenye "abiria 60 kila safari", tukaja kugundua 20 kati yao walikuwa ndugu wa dereva.