Sikuikasirikia mvua

Swali la wiki hii linauliza: mbio za magari zikiharibiwa na mvua, shabiki amkasirikie nani? Najua wengi watajibu upesi kwamba mvua ni kazi ya Mungu, hivyo shabiki afungue mwavuli wake aende zake nyumbani. Nusu ya kwanza naikubali. Mvua sijawahi kuikasirikia. Kinachonikera hadi leo ni dakika chache za jioni ya tarehe 29 Agosti 2021 huko Spa-Francorchamps, Ubelgiji, pale magari ya Formula 1 yalipotolewa gereji, yakatembezwa nyuma ya gari la usalama (lile linalotangulia polepole hatari ikiwapo, na hakuna ruhusa ya kumpita mwenzako) kama msafara wa arusi, kisha tukaambiwa mbio zimefanyika na mshindi amepatikana.

Nitangulize kukiri kwamba mimi ni wa Lewis Hamilton, kwa hiyo aliye upande wa pili anaweza kunipunguzia alama mapema. Kaka yangu ni wa Max Verstappen. Mwaka ule wawili hao walikuwa wanagombea ubingwa kwa meno na kucha, na sisi wawili tulikuwa tunagombana kila Jumapili ya mbio. Siku hiyo tulikaa mbele ya televisheni moja, kila mtu na maneno yake tayari mdomoni.

Mbio zilipangwa kuanza saa tisa alasiri kwa saa za kule. Hata kabla ya hapo dereva Sergio Pérez alikuwa keshateleza akagonga kingo za pembeni, na wala hakuwa anashindana na mtu, alikuwa anapeleka gari tu kwenye nafasi yake ya kuanzia. (Kwake yeye kusubiri kule kulikuwa neema: mafundi wake walilitengeneza gari, akaruhusiwa kurudi.) Saa tisa na dakika 25 magari yakatoka nyuma ya gari la usalama, yakazunguka kidogo, bendera nyekundu ya kusimamisha mbio ikapandishwa, wote wakarudi gereji. Kuanzia hapo tukawa tunatazama mvua.

Sitajifanya mwungwana. Saa ya kwanza nilipiga kelele kama shabiki yeyote wa kwenye kochi: waanzeni bwana, si ndio madereva bora duniani hawa? Si wamepewa matairi ya mvua? Kaka naye akanijibu kwamba mtu wake angeshinda hata kwa boti. Kilichoninyamazisha ni marudio ya picha kutoka kamera iliyofungwa juu ya moja ya magari yale. Barabara huioni. Miti huioni. Unaona weupe mtupu, kama umetumbukizwa ndani ya sufuria ya maziwa, na katikati ya weupe ule kuna kitaa chekundu cha gari la mbele, kinawaka, kinapotea, kinawaka tena mahali usipokitarajia. Na hapo walikuwa wanafuata gari la usalama, polepole kwa vipimo vyao.

Hili la matairi watu wengi hulikosea. Tairi la mvua kubwa lina mifereji iliyochongwa ili kuondoa maji chini yake, na kwa mwendo wa kilomita 300 kwa saa hufukuza makumi ya lita kila sekunde. Maji hayo hayaendi mbali. Yanaruka nyuma ya gari yanageuka wingu, na dereva anayefuata anaingia ndani ya wingu hilo. Yaani kinachomsaidia wa mbele asiteleze ndicho kinachompofusha wa nyuma. Weka magari ishirini, kila moja na matairi manne, kwenye barabara inayopita katikati ya msitu wa Ardennes ambako upepo wa kulipeperusha wingu hilo ni haba, utaelewa kwa nini tatizo la siku ile lilikuwa macho kuliko breki.

Tena ni Spa. Pale kwenye kona ya Raidillon barabara inapanda mlima, na dereva hafahamu kilicho juu mpaka afike juu. Mwaka 2019, mwishoni mwa Agosti hiyo hiyo, Anthoine Hubert alifia hapo katika mbio za Formula 2, daraja lililo chini ya Formula 1, akiwa na miaka 22. Jumamosi ya kuamkia mbio ninazozizungumzia, Lando Norris alilivunjavunja gari lake eneo lilo hilo wakati wa kuwania nafasi za kuanzia. Dereva mwenzake, Sebastian Vettel, alikuwa amekwisha kulalamika redioni kwamba maji yamezidi, wasimamishe. Baada ya ajali alipunguza mwendo akasogea karibu na Norris kuhakikisha yu mzima. Mashabiki wa kila timu walimpigia makofi kwa lile. Kwa hiyo anayesema shabiki anataka damu ndipo afurahi, hatujui sisi.

Basi kusimamisha kulikuwa sahihi, na sidhani kama waliokuwa uwanjani walibisha. Kamera ilikuwa inawarudia mara kwa mara: makoti ya plastiki yaliyogandamana na migongo, watoto wanaoonekana pua tu ndani ya kofia, buti zilizozama kwenye tope la vilima vya nyasi, na bado mtu anapunga bendera. Wakiona kamera wanaruka. Gari la usalama likitoka peke yake kwenda kupima maji wanalipungia mikono kana kwamba linaongoza mbio. Na kweli, ukitazama matokeo ya siku ile, hakuna aliyeongoza zaidi ya hilo gari.

Mashabiki wa mchezo huu wanajua kusubiri. Montréal, Kanada, mwaka 2011 mvua ilisimamisha mbio kwa zaidi ya saa mbili. Walirudi barabarani, na Jenson Button, ambaye siku hiyo alikuwa amegongana na wenzake mpaka akajikuta wa mwisho, alipanda gari baada ya gari hadi akampita Vettel kwenye mzunguko wa mwisho kabisa. Mbio zile zilichukua saa nne na dakika nne na ushee. Hadi leo mtu akizitaja, hakuna anayelalamika kwamba alilowa. Anajisifu.

Ndiyo maana Spa, saa ziliposonga, sisi wote tuliendelea kukaa. Kanuni zilitoa saa tatu tangu muda wa kuanza, na saa hizo zilikuwa zinakwisha. Mara wasimamizi wakatangaza kwamba wameisimamisha saa kwa sababu ya dharura, ili ibaki saa nzima ya kushindana hali ikiruhusu. Kaka akanipiga bega: "Umeona? Wanataka tupate mbio." Tuliamini. Nafikiri hata wale wa kwenye tope waliamini, maana jioni ilipoingia bado majukwaa yalikuwa na watu.

Saa kumi na mbili na dakika 17 jioni magari yakatoka tena nyuma ya gari la usalama. Weupe ule ule. Yakaenda mzunguko, ukafuata wa pili, wakaingia wa tatu, bendera nyekundu, mwisho. Hakuna aliyempita mwenzake. Hakuna hata aliyeruhusiwa kujaribu.

Sasa sikiliza mahali penyewe panapochoma. Kanuni za wakati ule zilisema kinara akikamilisha zaidi ya mizunguko miwili, mbio zinahesabika na nusu ya pointi inagawiwa. Hazikusema mizunguko hiyo iwe ya kushindana. Walipokwisha kuingia ule wa tatu, matokeo yakarudishwa hadi mwisho wa mzunguko wa kwanza, kama taratibu za bendera nyekundu zilivyotaka. Verstappen wa kwanza, pointi 12.5. George Russell wa pili, 9. Hamilton wa tatu, 7.5. Barabara ya Spa ina urefu wa kilomita saba hivi, na hizo saba ndizo zikawa mbio nzima. Kabla ya hapo rekodi ya ufupi ilikuwa ya Adelaide, Australia, mwaka 1991, mvua ilipozikata mbio baada ya mizunguko 14 na Ayrton Senna akatangazwa mshindi. Lakini Senna aliendesha. Alipambana na maji na wenzake kwa dakika 24.

Halafu wakapanda jukwaani wakamwagiana mvinyo wa povu. Mvuani.

Kaka yangu, ambaye mtu wake ndiye aliyeshinda, hakushangilia. Alichukua rimoti akakaa nayo mkononi muda, akasema, "Sasa hapa nikutambie nini?" Sijawahi kumsikia akisema neno hilo kabla wala baada.

Verstappen mwenyewe aliwasifu mashabiki kwa kukaa kwenye mvua na baridi siku nzima. Hamilton alikuwa mkali zaidi: aliita jambo zima kichekesho na akataka mashabiki warudishiwe fedha zao. Wapo waliosema ni rahisi kwake kusema hivyo kwa kuwa ameambulia nafasi ya tatu. Mimi naona alisema kile ambacho kila mwenye koti la plastiki alikuwa anakisema njiani kwenda kutafuta gari lake kwenye tope.

Wengi waliamini mizunguko ile ilipigwa ili tu mbio zihesabike zimefanyika, na anayedai kiingilio chake akose pa kushika. Wakubwa wa Formula 1 walikana kwamba biashara ilihusika. Haya, tuwaamini. Bado linabaki swali la pointi. Kama nia ilikuwa kujaribu hali ya barabara, na jaribio likashindikana, kwa nini jaribio ligawiwe zawadi? Unaweza kumweka mtu saa tatu mvuani akakuelewa. Ukimwambia jioni kwamba ameona mbio, wakati ana macho yake mawili, hapo umemtukana.

Ninaowaheshimu kwa hoja ni mashabiki wa Russell. Wao walisema: ninyi mnaita si mbio, sisi tunaita haki, kwa sababu kijana huyu aliifikisha timu ya Williams nafasi ya pili ya kuanzia Jumamosi, kwenye mvua hiyo hiyo, na gari ambalo halikuwa na hadhi ya kukaribia pale. Williams haikuwa imepanda jukwaani tangu 2017. Siwapingi kwamba Jumamosi ile ilikuwa ya ajabu. Niliutazama mzunguko wake mara tatu. Ila kama ni zawadi ya Jumamosi, ipewe Jumamosi kwa jina lake.

Kuna mfano ninaopenda kuutaja kila ubishi huu unapozuka, na hauna hata tone la mvua. Indianapolis, Marekani, mwaka 2005: matairi ya Michelin hayakuwa salama kwenye kona moja ya kasi, magari 14 yakaingia gereji kabla ya kuanza, sita tu yakashindana. Watu walizomea. Lakini Michelin walikubali kosa lao, wakaahidi kurudisha fedha za tiketi, na wakanunua tiketi 20,000 za mwaka uliofuata wagawiwe mashabiki. Hasira haikuisha, ila ilipata pa kutua.

Baada ya Spa kanuni zilibadilishwa: tangu 2022 hakuna pointi hadi iendeshwe angalau mizunguko miwili bila gari la usalama. Vizuri. Mwaka huo huo, Oktoba, mvua ikanyesha Suzuka, Japani. Zikaendeshwa mizunguko 28 kati ya 53, na kila mtu, hadi watangazaji, akawa anapiga hesabu ya pointi zinazopunguzwa mbio zikifupishwa. Kumbe kanuni mpya ilivyoandikwa, upunguzaji ulihusu mbio zilizosimamishwa zikashindwa kuendelea, na hizi ziliendelea mpaka muda ukaisha. Pointi kamili! Verstappen akaambiwa yeye ni bingwa wa dunia wakati anahojiwa, na uso wake ulionyesha haamini. Siku hiyo hiyo dereva Pierre Gasly alipitia kwenye wingu la maji akakuta trekta la kuvutia magari barabarani, kwenye uwanja ule ule ambako dereva Jules Bianchi aligonga trekta la aina hiyo kwenye mvua ya 2014 na kufariki mwaka uliofuata. Hiyo ndiyo hasira niliyoiona kubwa kuliko zote mitandaoni, na ilikuwa halali yao.

Linganisha na Imola, Italia, Mei 2023. Mafuriko yalikuwa yameua watu mkoa wa Emilia-Romagna. Siku nne kabla ya mbio ikatangazwa: hakuna mbio. Sikumsikia shabiki hata mmoja akibisha.

Narudi kwa kaka na ile rimoti. Desemba 2021, kabla ya mbio za mwisho huko Abu Dhabi, Verstappen na Hamilton walikuwa wamelingana pointi: 369.5 kwa 369.5. Mpwa wetu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kuufuata mchezo huu, alisoma namba hizo kwenye skrini akauliza nusu pointi inapatikanaje katika mbio za magari. Tukatazamana. Nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu: bila Spa, Hamilton angekuwa mbele kwa pointi tano. (Baadaye nilirudia hesabu nikakuta hata hivyo Verstappen angetawazwa usiku ule, kwa tofauti ya pointi tatu. Kaka anapenda nilitaje hilo.) Nilifungua mdomo nimweleze kijana, kaka akaniwahi.

"Kulikuwa na mvua," akamwambia, kisha akanyamaza, akatikisa kichwa. "Hapana. Ngoja mjomba wako akueleze."