Mara Tatu au Mara Sita? Kwa Dada wa Mwanza na Wenzake Waliokatwa Tumbo

Jumanne usiku nilipokea ujumbe wa dada mmoja wa Mwanza, yuko wiki ya tano tangu apasuliwe tumbo ili apunguze uzito. Kaandika hivi: "Dada, nesi kaniambia nile mara sita kwa siku. Kwenye grupu wanasema mara tatu tu, nikidokoa katikati kilo zitarudi. Mama mkwe naye analia kwamba najiua, kila saa ananiletea uji wa ulezi. Nimsikilize nani?"

Nilicheka, kisha machozi yakanilenga. Ujumbe huo ningeweza kuuandika mimi mwaka 2022, isipokuwa mahali pa mama mkwe ungeweka shangazi yangu wa Tanga.

Kwa wageni wa hapa: Februari 2022 niliingia chumba cha upasuaji kule Chennai, India, nikiwa na kilo 128. Nikashuka hadi 79. Mliona picha, wengi wenu ndiyo iliyowaleta huku. Kisha nikapanda hadi 91, na hiyo hamkuiona kwa sababu sikuiposti. Leo asubuhi mzani umesoma 83. Kuhusu 79 nimeshaandika mpaka mmenichoka, kwa hiyo leo tuzungumze 91, na namna ushauri wa watu wema ulivyonifikisha pale.

Kwanza tuwekane sawa. Mtaani wanasema "kakata utumbo". Utumbo wangu upo wote, haujaguswa. Kilichokatwa ni mfuko wa chakula, kiasi cha robo tatu na ushee, kikabaki kitu chembamba mfano wa ndizi. Hiyo ndiyo slivu. Wapo waliofanyiwa baipasi: kinatengenezwa kijifuko kidogo juu, kinaunganishwa na utumbo chini zaidi, chakula kinaruka sehemu ya njia. Na wapo wanaowekewa puto ndani ya tumbo, kama baadhi ya wanaokwenda hospitali ya Mloganzila. Hao hawakatwi popote, puto linakaa miezi kadhaa kisha linatolewa. Ni watu wa aina tatu, wenye matumbo matatu tofauti, na wote tumo kwenye grupu moja la WhatsApp tukishauriana usiku wa manane.

Sasa sikilizeni nilivyojidanganya. Kulikuwa na mama mmoja mle ndani, mcheshi, anajibu kabla hujamaliza kuuliza. Akasema kitu cha sukari ukikinywa utajuta: jasho, moyo mbio, tumbo linasokota, unatafuta kitanda. Ni kweli kabisa, kwake yeye. Yeye ana baipasi, na sukari ikishuka kwenye utumbo kwa kishindo ndivyo inavyowafanya wengi wao. Mimi nikajaribu chai ya maziwa, vijiko viwili vya sukari, nikakaa kwenye kochi nikisubiri adhabu. Haikuja. Nikajaribu juisi ya embe, salama. Aiskrimu, salama salimini. Nikahitimisha kwamba mwili wangu umebarikiwa, na kwa kuwa kila mtu alikuwa akiniambia "sikiliza mwili wako", nikausikiliza. Ulisema: ongeza.

Vitu vya majimaji na vilaini vinateleza kwenye ile ndizi bila kukushibisha. Kipande cha kuku ukubwa wa kiganja cha mtoto kilikuwa kinanishinda, lakini glasi ya juisi ilipita kama inashuka mtaroni. Kilo kumi na mbili zilirudi hivyo, kwa glasi na vikombe. Sikuwahi kuzidisha ugali hata siku moja.

Mtauliza, hukupewa karatasi hospitali? Nilipewa, kurasa nne. Mtaalamu wa lishe wa kule, binti mpole kweli, alikaa na mimi nikiwa bado na maumivu akanieleza kwa Kiingereza cha haraka: wiki ya kwanza vimiminika, kisha vizito kidogo, kisha vya kusaga, kisha laini, na chakula cha kawaida baadaye. Nikawa natikisa kichwa tu. Nilipofika nyumbani Tabata nikaifungua karatasi jikoni: paneer, khichdi, dal. Dal nikajua ni dengu. Hiyo paneer, jibini la Kihindi, niliitafuta supamaketi, nilipoiona bei nikaichungulia na kuirudisha ilipokuwa. Hakuna aliyeniambia kwamba kazi ya ile paneer ingefanywa na dagaa, samaki, mayai na maziwa mgando. Karatasi nikaibandika kwenye friji kwa heshima, nikamfuata shangazi.

Shangazi alikuja na supu ya makongoro. "Itakurudishia nguvu, mwanangu." Ilikuwa tamu, sisemi uongo, na kwa wiki nyingi nilihesabu kwamba hiyo ndiyo protini yangu. Kumbe ule ulenda unaogandana ukipoa ni protini pungufu, hauwezi kusimama peke yake, na mafuta ndiyo yamejaa. Mwezi wa nne tangu nipasuliwe nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Wengi wetu hunyonyoka nywele kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na huota tena, lakini protini na madini ya chuma vikipungua hali huwa mbaya zaidi. Mimi vyote viwili vilikuwa chini. Kidonge cha chuma nilikuwa nakishushia kwa chai ya rangi, na chai inazuia chuma kufyonzwa. Mtu wa Tanga utamwambia nini kuhusu chai?

Hitima ya babu ndiyo siwezi kuisahau. Wiki ya saba. Sinia la pilau limewekwa mkekani, mawifi wote wananitazama, na shangazi ananisogezea mnofu wa ng'ombe: "Onja tu." Nikaonja. Nilitafuna mara nne tano kwa aibu ya kutazamwa, nikameza, nikashushia maji. Ule mnofu ulisimama hapa, katikati ya kifua, kama mtu amenibonyeza kwa kidole gumba kutokea ndani. Mate yakaanza kunijaa, mazito, yenye povu. Nikainuka nikapita katikati ya miguu ya watu hadi uani, nikashika ukingo wa pipa la maji. Nilitapika povu jeupe kwa muda wa nusu saa, na huko ndani nikasikia mtu akisema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini sana: "Si alilipa mwenyewe hela kujitesa?"

Nilitapika siku mbili. Siku ya tatu nikaenda hospitali moja hapa mjini, siitaji. Daktari hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. "Wewe si ulitaka kukonda?" Akaniandikia dawa ya kiungulia. Miaka imepita na bado nikipita barabara ile nageuza uso upande wa pili. Kilichoniuma zaidi nilikuja kukijua baadaye: kutapika mfululizo kwa mtu aliyekatwa tumbo humaliza vitamini B1 mwilini haraka, na ikiisha inaharibu neva na ubongo. Kwa hiyo dada, hili usiliulize kwenye grupu. Umetapika siku mbili, maji hayakai, miguu inakufa ganzi au unaona mawili mawili: nenda hospitali usiku huohuo, na kabla hawajakuning'inizia dripu ya glukosi waambie "nimepasuliwa tumbo, nahitaji B1 kwanza". Andika kwenye kikaratasi uweke kwenye pochi. Mimi ninacho.

Aliyeninyoosha ni mtaalamu wa lishe mmoja niliyempata nilipofika kilo 91. Kabla hajaniuliza nakula nini, aliuliza: "Ulifanyiwa upasuaji gani, na una muda gani tangu ufanyiwe?" Watu wazima zaidi ya ishirini walikuwa wamenishauri, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza hivyo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nesi na grupu hawagombani. Wiki ya tano tumbo bado limevimba, linabeba vijiko vichache, kwa hiyo unakula kidogo kidogo mara tano au sita ili protini itimie. Baada ya miezi sita hadi mwaka linabeba zaidi, na hapo mara sita inageuka kuwa kudokoa kutwa nzima; ndipo mara tatu, pengine na kitu kidogo kimoja katikati, inapokuwa sawa. Nesi anakuambia ya leo, grupu wanakuambia ya mwakani. Mama mkwe anakupenda tu.

Protini kwanza. Gramu 60 kwa siku ndiyo walau. Yai moja lina kama gramu sita, glasi ya maziwa kama nane. Piga hesabu uone kwamba uji wa ulezi hautakufikisha. Anza na samaki, kisha mboga, na ugali ukikosa nafasi usiuonee huruma. Na maji: usinywe na chakula, subiri nusu saa baada ya kula. Wengine watakwambia hata kabla ya kula usinywe, wengine watasema kabla haina neno. Mimi nanywa kabla, mbona naishi. Baada ya kula, hapana. Protini kwanza, nasema tena, maana najua umeiruka hiyo mistari ukitafuta habari ya chapati.

Ramadhani ndipo unapoiona imani yako na nidhamu yako. Mwaka wa kwanza daktari alinikataza kufunga, na mwezi uliingia miezi miwili tu baada ya upasuaji. Shangazi alinuna mpaka Idi. Mwaka uliofuata nilifunga kwa ruhusa, na tabu haikuwa njaa, kwa sababu sehemu ile ya tumbo iliyoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa. Tabu ilikuwa maji: kuingiza lita moja na nusu kati ya magharibi na alfajiri, kwa funda ndogo ndogo, huku ukiheshimu ile nusu saa. Nilikuwa nafuturu kwa maji na tende moja, naswali, nakula samaki, kisha natembea na chupa hadi daku. Watu wanaosema "ukishakatwa unakonda umelala" waje wahesabu hizo funda.

Usitafute mshauri mwenye wafuasi wengi, na mimi nikiwemo. Mtafute anayekuuliza upasuaji gani na wiki ya ngapi, na kila ukiambiwa jambo muulize yeye swali hilohilo: wewe ulifanyiwa nini?

Idi iliyopita nilikwenda Tanga. Shangazi alikuwa amenitengea kibakuli cha plastiki cha mjukuu wake, chenye picha ya sungura, ndani kipande cha samaki wa kupaka, na akatangaza sebuleni kwamba mtu yeyote asinipe maji mpaka aseme yeye. Nilikaribia kulia. Robo saa baadaye akanifuata jikoni na sahani imefunikwa kawa: pilau, na mnofu juu yake. "Onja tu, mwanangu. Nimeuchemsha sana huu."