Jibu: Kugawia jamaa vitu vya nyumba kabla ya kuhama

Dada, umeuliza jinsi ya kuwapa jamaa friji, godoro na mtungi wa gesi kabla hujahama Kisumu, bila watu kununiana. Usianze na grupu la ukoo. Ukiandika "nani anataka friji?" watajibu watano, na wanne watanuna. Piga simu kwa mmoja mmoja, ukianza na anayehitaji zaidi. Kitakachobaki ndicho upeleke kwenye grupu, pamoja na picha, vipimo, kasoro na siku ya mwisho ya kuchukua. Sema mapema nani analipia usafiri. Ugomvi mwingi huanzia hapo.

Friji izime siku moja kabla, barafu iyeyuke, uipanguse ikauke. Isafiri imesimama. Ikilazwa, oili ya kompresa (mota inayosukuma gesi ya kupoza) huingia kwenye vipaipu vya gesi hiyo, na ikiwashwa papo hapo kompresa inaweza kuharibika. Ikiwa imefika kwa jamaa imelala kwenye pikapu, isimamishwe saa 24 ndipo iwashwe.

Mtungi wa kilo 6 jiko lake hufungwa juu yake. Wa kilo 13 hutumia regyuleta (kifaa cha kupunguza nguvu ya gesi) na mpira wa kuipeleka gesi jikoni. Basi toa mtungi na vifaa vyake, la sivyo umempa mwenzako chuma tu. Mpira uliopasuka tupa.

Godoro likague kwenye mishono. Vidoa vyeusi vidogo ni dalili ya kunguni, na hilo usimpe hata shemeji usiyempenda.