DT 125 inazama mbele: usinunue shokapu bado

Kaka, umesema DT 125 yako, ile pikipiki ya Yamaha, ukishika breki inazama pua, ukiingia shimo inagonga kong!, na fundi hapo Wete anataka akufungie mbele yote ya pikipiki kubwa. Ngoja kwanza. Ukibadilisha mbele yote, vishikio vya shokapu, beringi za usukani, ekseli na breki navyo vinafuata, na shokapu zikiwa ndefu zaidi usukani unakuwa mzito kwenye kona.

Anza na ukucha. Upitishe taratibu juu ya bomba linalong'aa la shokapu ya mbele. Hewa yetu ya chumvi hutoboa kromu vijishimo, na ukucha ukikwama pale inapopita sili (mpira unaozuia oili isivuje), sili mpya itachanika tu. Hapo tafuta mabomba, si sili.

Bomba likiwa safi, mwaga oili ya zamani. (Yangu ilitoka kama uji wa mtama ulioungua!) Weka oili ya shokapu, 10W (namba ya uzito wa oili), kwa kiwango cha kitabu cha pikipiki, pande zote mbili sawasawa. Ukifungua kifuniko cha juu, jihadhari, springi inakisukuma, kinaweza kukuruka usoni.

Kisha kaa juu yake na mavazi yako ya safari: mbele ishuke kati ya robo na theluthi ya mwendo wake wote. Ikishuka zaidi, springi zimechoka au ni laini kwa uzito wako. Kipande cha bomba juu ya springi kitanyanyua mbele, lakini hakiigeuzi springi kuwa ngumu. Fedha yako iweke kwenye springi ngumu.