Ukivuka Mpaka, Bado Wewe ni Mwanafunzi: Ushauri kwa Wauguzi Wanaotaka Kwenda Kujitolea Nje ya Kenya

Mgonjwa wa kwanza aliyenifanya nijione mjinga nchini Malawi alikuwa mama wa makamo ambaye aliketi mbele yangu, akaniangalia kwa uchovu, akasema, "Mutu ukupweteka." Nilikuwa na siku nne tu nchini humo, na katika basi kutoka Nairobi nilikuwa nimekariri ukurasa mzima wa maneno ya Kichewa, kwa hiyo nilijua kwamba kupweteka ni kuuma au kuumiza. Neno mutu halikunishughulisha, kwa sababu masikio yangu ya Kiswahili yalilisikia kuwa ni mtu. Nikaamini papo hapo kwamba mama huyu anapigwa nyumbani. Nikasogeza kiti karibu naye, nikashusha sauti, nikaanza kumdadisi kwa Kichewa cha kubabaisha kama aliyemuumiza ni mumewe. Muuguzi wa kituo, aliyekuwa akihesabu tembe nyuma yangu, alicheka mpaka hesabu ikampotea, kisha akanieleza kwamba mutu ni kichwa, na kwamba mtu kwao ni munthu. Mikono ya yule mama ilikuwa kichwani muda wote, lakini mimi nilikuwa nikisikiliza neno badala ya kumtazama mgonjwa.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu wanafunzi wenzangu wa uuguzi hapa Nairobi huniuliza mara kwa mara nilivyopata nafasi ya kujitolea kwa wiki sita katika kituo cha afya cha kijijini kando ya Ziwa Malawi (Watanzania, ukipita kwao, watakusahihisha kwamba ni Ziwa Nyasa), na wengi wao huuliza wakiwa na dhana ileile niliyokuwa nayo. Tumezoea kuwacheka wageni wanaokuja Kibera na Mathare wakiwa na kamera shingoni, wakakaa siku kumi, wakapaka ukuta mmoja rangi na kuondoka wakilia. Nyani haoni kundule. Nami niliondoka Nairobi nikidhani kwamba kwa kuwa ninakwenda nchi ya Kiafrika, yenye watu wa rangi yangu na lugha iliyo ndugu ya lugha yangu, makosa ya wale wageni hayawezi kunipata. Ukaribu huo ndio ulionidanganya kuliko kitu kingine chochote, kwani mgeni anayejua kwamba hajui huuliza, ilhali mgeni anayejiona yuko nyumbani huanza kutoa amri.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, chunguza ni nani anayekupeleka. Mimi nilisafiri kupitia wakala niliyemwona kwenye tangazo la mtandaoni, na ada yake ilinilazimu kuitisha harambee ndogo ya ukoo na kukopa katika chama cha mamangu. Wakala huyo aliniuliza mengi kuhusu saizi ya fulana yangu, lakini hakuniuliza hata mara moja niko mwaka wa ngapi wala nimeshafanya mazoezi katika wodi zipi. Leo ningemuuliza mambo matatu, na ningetaka majibu ya maandishi. Je, kituo chenyewe ndicho kilichoomba mwanafunzi, au kimeletewa tu? Nani, kwa cheo chake, atakayenisimamia kila zamu? Na katika fedha ninazolipa, ni kiasi gani kinachofika kwenye kituo hicho? Nilipofika niligundua kwamba kituo kilipewa taarifa ya ujio wetu, sisi tuliokuja kujitolea, wiki moja tu kabla, na kwamba chumba tulichopewa kulala kilikuwa kimechukuliwa kutoka kwa walezi wa wagonjwa, yaani jamaa wanaokuja kumpikia na kumfulia mgonjwa wao. Jambo hilo lilinikosesha raha kwa siku nyingi, na hata sasa sina la kujitetea.

Kuhusu afya yako mwenyewe, nitasema machache, ingawa ndiyo sehemu ambayo wauguzi huipuuza zaidi. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, kwa hiyo Malawi hudai cheti cha chanjo hiyo kwa msafiri anayetoka kwetu, na cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Usiende kuchanjwa asubuhi ya safari. Tangu Julai 2016 cheti hicho hutumika maisha yote, kwa hivyo kitunze vizuri. Chanjo ya homa ya ini aina ya B huhitaji dozi tatu katika muda wa miezi sita, na kama hukuimaliza ulipoanza mazoezi ya hospitalini, huu ndio wakati wa kuona aibu. Halafu kuna malaria. Mtu aliyelelewa Nairobi, kwenye mwinuko na baridi yake ya Julai, hana kinga ya maana dhidi ya malaria ya pwani ya ziwa, hata kama babake alizaliwa Siaya. Mimi nilimeza doksisaiklini kila siku, kuanzia siku moja kabla ya kusafiri hadi wiki 4 baada ya kurudi. Mwenzetu mmoja aliyesema kwamba dawa hizo ni za Wazungu alilazwa wiki ya pili, na kitanda alicholalia kilikuwa kimoja kati ya vichache vilivyokuwepo. Uliza pia, siku ya kwanza kabisa, dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi ziko wapi endapo utachomwa na sindano iliyotumika, kwa maana zinapaswa kuanzwa kabla ya saa 72 kupita, nazo humezwa kwa siku 28.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Baraza la Wauguzi Kenya limeniorodhesha kama mwanafunzi. Orodha hiyo haibadiliki ninapogongewa muhuri wa kuingia nchi nyingine, na Malawi nayo ina baraza lake la wauguzi na wakunga, lenye sheria zake. Lakini kijijini, ambako tabibu ni mmoja na watu wanaomsubiri wamejaa veranda tangu alfajiri, kila anayevaa koti jeupe huitwa adokotala, na jina hilo lina utamu wake. Siku moja tabibu alikuwa amekwenda makao makuu ya wilaya kufuata dawa, na muuguzi alikuwa chumba cha uzazi na mama aliyekuwa karibu kujifungua. Akaletwa mvuvi aliyekatwa unyayo na kipande cha chupa pale ufuoni. Mlinzi wa kituo, mzee mwenye heshima zake, alinitangulia hadi chumba cha vidonda, akanipangia trei ya kushonea kwa ustadi ulioonyesha kwamba alikuwa ameshaiona ikipangwa mara nyingi, akasimama pembeni akisubiri adokotala aanze. Mimi nilikuwa nimewahi kushona kipande cha sponji katika maabara ya chuo, mara mbili, na mara ya pili uzi ulikatika.

Sitadanganya kwamba sikutamani. Nilitamani sana, na nilijua kwamba hakuna ambaye angeniuliza. Kilichonizuia ni swali dogo: kama mtu huyu angeletwa katika hospitali ninayofanyia mazoezi Nairobi, na msimamizi wangu asiwepo, ningegusa sindano ile? Nisingethubutu. Kwa hiyo nilifanya yale ninayoruhusiwa kufanya nyumbani: nilivaa glavu, nikakandamiza damu ikakoma, nikaosha kidonda kwa maji mengi ya chumvi ya hospitali, nikachunguza kama vidole vinasogea na kama anahisi mguso, nikafunga, nikainua mguu, nikasoma kitabu chake kuona kama amechanjwa pepopunda. Muuguzi alimaliza kumzalisha yule mama baada ya muda unaokaribia saa moja, akaja, akapata kigae kingine cha chupa ndani ya kidonda, kirefu kama ukucha wa kidole gumba, ambacho mimi sikukiona. Ningemshona juu yake.

Hicho kitabu nilichokisoma kinastahili maelezo, kwani ndicho kitu nilichokipenda kuliko vyote Malawi. Kila mgonjwa ana daftari lake dogo liitwalo pasipoti ya afya, ambalo hukaa naye nyumbani, mara nyingi likiwa limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kukunjwa kwenye ncha ya chitenje, kitambaa ambacho wanawake hujifunga kiunoni. Historia yote ya mtu imo humo. Sisi tuna kitabu cha mama na mtoto, lakini mtu mzima wa Nairobi akihama kutoka hospitali moja kwenda nyingine huenda akaanza upya kana kwamba alizaliwa jana. Ukienda huko, jifunze kuandika humo kwa mwandiko unaosomeka na kwa vifupisho vyao, si vyako. Dawa ya malaria ambayo sisi huiita AL, wao huiita LA. Ni dawa ileile, lakini mimi nilimsimamisha mfamasia dakika tano nzima akitafuta kitu ambacho alikuwa amekishika mkononi.

Kosa langu kubwa zaidi, hata hivyo, halikuhusu sindano wala kitabu. Lilihusu chupa. Alikuja msichana wa miaka kama kumi na saba na mtoto wake wa kwanza, aliyekuwa akiharisha kwa siku mbili lakini bado akinyonya vizuri. Nilipewa kazi ya kumweleza jinsi ya kuchanganya chumvichumvi ya kumrudishia mtoto maji mwilini. Nikamwonyesha pakiti, nikamwambia aimimine yote kwenye chupa moja ya maji, botolo limodzi, na anyweshe kidogo kidogo kwa kijiko. Akaitikia "eya" kwa kila sentensi, akashukuru. Nikaridhika. Muuguzi, bila kuinua macho kutoka kwenye rejista, akaniambia: "Mwambie akuonyeshe."

Msichana akafungua kikapu, akatoa chupa yake. Ilikuwa chupa ya soda ya mililita 300. Pakiti ilikuwa ya lita moja. Akashika ncha ya pakiti tayari kuichana na kuimimina yote, kama nilivyomwelekeza, na angempa mtoto wake maji yenye chumvi zaidi ya mara tatu ya kiasi kinachofaa, kiasi ambacho kinaweza kumtia mtoto mchanga degedege. Katika kichwa changu cha Nairobi, chupa ya maji ilikuwa ni ile ya lita moja tunayonunua dukani. Muuguzi akatwaa plasta, akakata kipande, akakibandika kuizunguka ile chupa kwenye theluthi yake ya chini. Akamweleza ajaze chupa mara tatu hadi juu, na mara ya nne aishie kwenye plasta, yote aimimine katika sufuria moja safi, ndipo achane pakiti. Kisha akamtaka arudie maelezo hayo kuanzia mwanzo, kwa maneno yake mwenyewe. Akampa na zinki ya siku 10. Kazi yote haikumaliza dakika nne.

Tangu siku hiyo simwulizi mgonjwa kama ameelewa, hata hapa Kayole ambako tunazungumza lugha moja. Namwomba anionyeshe. Ninakuhimiza uanze zoezi hilo kabla ya kusafiri, na kwa kweli ningependekeza ujitolee kwanza miezi michache na wahudumu wa afya ya jamii katika mtaa wako, uzunguke nao nyumba kwa nyumba Mukuru au Korogocho, kwa sababu huko utakosea mbele ya watu wanaoweza kukusahihisha kwa Kiswahili.

Acha pia fikra kwamba unapeleka elimu mahali isipokuwepo. Mwaka wa 2011 Malawi ndiyo iliyotangulia duniani kumpa kila mjamzito na mama anayenyonyesha mwenye virusi vya Ukimwi dawa za maisha yote bila kusubiri kipimo cha kinga ya mwili, na nchi nyingine, yetu ikiwemo, zikafuata. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa kwao Aprili 2019, miezi kadhaa kabla ya Kenya kuanza Homa Bay. Mimi, nikiwa sijui lolote kati ya hayo, niliwakusanya akina mama chini ya mwembe, pale mizani ya watoto ilipokuwa imening'inizwa, nikawahutubia kwa muda mrefu kuhusu kunawa mikono na kutibu maji. Walisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, agogo mmoja, yaani bibi mzee, ambaye kijiji chake kilikuwa kimepitia mlipuko wa kipindupindu wa 2022 na 2023 ulioua zaidi ya watu 1,700 nchini mwao, akaniuliza kwa upole, kupitia mkalimani, kama Nairobi ugonjwa huo haujawahi kufika.

Kuhusu picha, sheria yangu ni fupi: usipige picha ya mgonjwa yeyote ambaye usingempiga picha ukiwa wodini Nairobi, yaani usipige kabisa. Kuhusu zawadi, usigawe peremende wala pesa mlangoni, kwa kuwa utaondoka na kumwachia muuguzi watoto wanaomdai. Muulize yeye anachokosa. Wetu alikosa karatasi za rejista na betri za kipimajoto.

Na ukirudi, nenda ukapimwe kichocho, ikiwa uliingia ziwani hata mara moja. Usiende mapema mno. Subiri wiki 6 hadi 8 tangu ulipogusa maji hayo, maana ukiwahi, kipimo kinaweza kusema huna ilhali unacho. Mimi nilikuwa nimewafundisha watoto wa shule wimbo mzima wa kuepuka kichocho, kisha Jumapili ya mwisho, joto likiwa limenishinda, nikaogelea. Majibu yalitoka katika maabara moja ya mjini, na mfamasia aliyekuwa akikokotoa tembe zangu za prazikwanteli, dawa ya kichocho, kwa uzani wangu aliniuliza ninafanya kazi gani. Nikamwambia. Akaniangalia juu ya miwani yake, akaendelea kuhesabu.