Punje za Filamu Si Uchafu: Ushauri kwa Mnaonunua Filamu za Zamani Zilizosafishwa Upya

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia kwa hasira. Amenunua diski ya 4K, ile ya picha kali kuliko za kawaida, ya filamu aliyoipenda tangu utotoni, akazima taa, akatulia kitini, na kabla hata hadithi haijakolea akaitoa. "Kaka, picha imejaa mchanga. Angani mchanga, ukutani mchanga, usoni mchanga. Hii ndiyo 4K wanayotangaza? Au nimeliwa?" Anataka kuirudisha dukani abaki na toleo la kutiririsha mtandaoni, ambalo anasema ni safi kabisa.

Ujumbe wa namna hii naupata mara kwa mara, na nimekuwa nikijibu kwa mistari miwili mitatu. Leo nitajibu kwa urefu, maana jambo hili nimelipigania miaka mingi na limenigharimu urafiki na watu niliowaheshimu.

Hujaliwa, ndugu yangu. Rudisha diski kwenye mashine.

Huo unaouita mchanga ndio picha yenyewe. Mkanda wa filamu umepakwa utando wenye fuwele ndogo sana za chumvi ya fedha. Mwanga ukizipata zinabadilika, kisha maabara wanaupitisha mkanda kwenye dawa. Kwenye filamu nyeusi na nyeupe zinabaki chembe za fedha. Kwenye filamu ya rangi fedha inaondolewa, na pale ilipokuwa panabaki vidoa vidogo vya rangi. Hakuna kitu kingine kilichoishika sura ya mwigizaji. Kope zake, jasho lake, mshono wa kola yake, vyote vimejengwa kwa punje hizo, na mpangilio wake unabadilika kila fremu, fremu 24 kwa sekunde. Ndiyo maana unaona kama picha inachemka. Ukizifuta, usidhani chini yake kulikuwa na picha nyingine safi iliyojificha ikikusubiri.

Wala punje hazilingani. Mikanda iliyotengenezwa kwa ajili ya mwanga hafifu, ile ya kupigia picha usiku au ndani ya vyumba, ina punje kubwa zaidi. Halafu angalia pale tukio moja linapoyeyukia jingine, au majina ya waigizaji yanapopita juu ya picha. Ghafla picha inapoteza ukali, punje zinazidi, rangi inapauka kidogo. Kisha tukio linakatwa, na papo hapo uangavu unarudi. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa kuipiga picha upya picha iliyokwisha kupigwa, na kila nakala ya nakala ilipoteza kitu. Nikiliona badiliko hilo kwenye diski mpya nafurahi, kwa sababu najua walioisafisha hawakuficha kitu.

Mambo haya sikuyasoma darasani. Tulikuwa na kikundi cha kutazama filamu, watu wazima, wapenzi wa kweli wa filamu za zamani, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuchagua matoleo. Mwaka 2008 filamu ya Patton ilitoka kwenye Blu-ray, diski yenye picha kali kuliko DVD. Wengi waliisifu kupita kiasi, na mwenyeji wetu akainunua siku za mwanzo kabisa. Tukakusanyika.

Mnaoifahamu filamu ile ya mwaka 1970 mnajua inavyoanza: bendera kubwa ya Marekani imejaza skrini nzima, George C. Scott, anayemwigiza Jenerali Patton, anapanda jukwaani, na kamera inamsogelea kipande kwa kipande, medali, pete, kofia ya chuma. Nilikuwa nimeshaiona mara nyingi kwenye DVD. Kamera ilipofika usoni nikahisi kuna kitu hakipo. Nikaomba rimoti, nikasimamisha. Paji la uso lilikuwa laini kama nta. Mikunjo mikubwa ipo, lakini vinyweleo na vijitundu vya ngozi havipo. Kitambaa cha koti kimekuwa rangi tupu, uzi hauonekani. Na filamu ile ilipigwa kwa mkanda wa mm 65, mpana karibu mara mbili ya ule wa kawaida wa mm 35. Punje zake zilikuwa ndogo tayari. Mtu alikaa mbele ya kompyuta akalainisha picha ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Nikasema hivyo. Mwenyeji wetu, mkubwa wetu kwa umri, akaniambia mbele ya wote: "Wewe kijana huji kutazama filamu. Unakuja kutafuta kasoro." Wakacheka. Nikarudisha rimoti, tukaendelea. Tulipokutana tena nikakuta kazi ya kuchagua matoleo amepewa mwingine, na hakuna aliyeniambia chochote, si kabla wala baada. Mpaka leo nikilikumbuka jambo hilo linaniuma, na sioni haja ya kulificha.

Mwaka 2012 Patton ilitolewa upya kwenye Blu-ray, imeshughulikiwa kwa namna nyingine, punje zimerudi mahali pake. Ngozi ni ngozi, kitambaa ni kitambaa. Nilimwandikia mwenyeji wetu kwa adabu zote, nikamwomba aziweke diski mbili hizo na kuzilinganisha. Hakunijibu.

Baadaye nilikuja kuona kwamba sikuwa peke yangu. Predator ya mwaka 1987 ilipigwa msituni, na punje zake ni nyingi waziwazi. Diski yake ya kwanza ya Blu-ray, ya mwaka 2008, haikuwa nzuri sana kiufundi, lakini msitu ulikuwa msitu na jasho lilikuwa jasho. Mwaka 2010 likaja toleo lililolainishwa mpaka Arnold Schwarzenegger akafanana na sanamu, na watu waliokuwa na ile ya kwanza wakashukuru kwamba hawakuigawa. Toleo jipya zaidi si lazima liwe bora zaidi. Ukishika hilo moja tu katika yote ninayoandika leo, utaokoa fedha nyingi.

Sisemi filamu zisisafishwe. Vumbi, mikwaruzo, madoa ya maji, fremu zinazorukaruka, hayo yote yaondolewe. Lawrence of Arabia, ya mwaka 1962, negativi yake, yaani mkanda wenyewe uliokuwa ndani ya kamera, ilikuwa na nyufa nyembamba zilizosababishwa na joto, kama mishipa juu ya anga la jangwa. Waliiskani kwa 8K, ukali unaoizidi hata 4K, wakashughulikia nyufa hizo kwa uvumilivu mkubwa, na toleo lililotoka mwaka 2012 ni miongoni mwa vitu vizuri nilivyowahi kuweka kwenye mashine yangu. Nyufa zimeondoka na mchanga wa jangwani unaweza kuutenganisha chembe kwa chembe. Tofauti iko hapo: ufa ulikuja kwa bahati mbaya, punje ndizo zilizoijenga picha siku ile ile kamera ilipozunguka.

Rangi ndiyo ugomvi mkubwa zaidi, na hapa watu wengi hukurupuka. The French Connection ya mwaka 1971 ilitoka kwenye Blu-ray mwaka 2009, na mwongozaji wake, William Friedkin, akiwa ameipa rangi mpya alizozitaka yeye: zilizopauka, zinazovuja nje ya mipaka ya vitu. Mpiga picha mkuu wa filamu hiyo, Owen Roizman, alipinga hadharani. Mwaka 2012 ikatoka tena, safari hii wote wawili wakiwa wameshirikiana, na mitaa ya New York ikarudia ubaridi wake. Wapo wanaosema mwongozaji akishasema basi, neno limekwisha. Mimi sikubali. Mwongozaji wa mwaka 2009 alikuwa na umri mwingine na macho mengine, na filamu ile haikupigwa na mtu mmoja. Aliyewasha taa na kuchagua lenzi naye ana haki yake, na sisi tuliokua nayo pia tuna haki ya kuiona ile tuliyoipenda.

Tatizo ni kwamba mara nyingi hakuna pa kukimbilia kupata ushahidi. Mikanda ya rangi ya Eastman, iliyoenea kuanzia miaka ya 1950, rangi zake hufifia kwa kasi tofauti. Ile ya samawati hutangulia, na ndiyo maana nakala nyingi za zamani zimegeuka waridi. Anayesafisha leo analazimika kuamua: ukuta huu ulikuwa kijani au kijivu? Asipopata nakala nzuri ya enzi zile au mtu aliyekuwepo, atafuata mazoea ya wakati wake, na mazoea ya wakati wetu ni kuzamisha vivuli kwenye samawati-kijani na kuzipa ngozi rangi ya chungwa. Ukiona filamu ya mwaka 1965 ina rangi za tangazo la mwaka jana, una haki ya kuuliza.

Na giza pia lina wenyewe. The Godfather ilipigwa na mpiga picha Gordon Willis, mtu aliyethubutu kuyaacha macho ya Marlon Brando yamezama kwenye kivuli. Iliposafishwa mwaka 2008, Willis alishirikishwa. Bado napokea malalamiko kwamba "picha ni nyeusi mno", na ukimuuliza mlalamikaji, anatazama mchana, dirisha liko wazi, jua linapiga kwenye skrini.

Siku hizi kuna balaa jipya, akili mnemba. Aliens, The Abyss na True Lies, filamu za mwongozaji James Cameron, zilitoka upya kwa 4K mwishoni mwa 2023 mtandaoni na mwaka 2024 kwenye diski, zikiwa zimepitishwa kwenye programu za aina hiyo. Cameron mwenyewe aliitetea kazi hiyo hadharani, tena kwa maneno makali kwa waliomkosoa. Namheshimu. Lakini tazama nywele: kila unywele umechorwa kwa mstari mkali, halafu shavu lililo karibu nao halina kitu. Programu haikumbuki siku ya kupiga picha. Inakisia nywele huwaje, kisha inachora. Mimi nataka unywele ule uliokuwepo, hata kama umefifia.

Sasa ushauri wenyewe, ambao si mrefu. Kabla ya kuilaumu diski, shika rimoti. Runinga nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa ziwake kuliko jirani yake dukani. Punguza ukali wa picha, karibu na sifuri, maana hicho ndicho kinachozigeuza punje kuwa changarawe. Zima kipunguza kelele za picha, kile kinachozifuta punje kikidhani ni uchafu. Zima kabisa kile kinacholainisha mwendo, kinachobuni fremu za katikati na kuifanya filamu ifanane na tamthilia ya mchana. Tom Cruise alirekodi video nzima mwaka 2018 kuwaomba watu wakizime, na alikuwa sahihi. Runinga ikiwa na mpangilio wa Filmmaker Mode, unaoionyesha filamu kama waliyoitengeneza walivyokusudia, uchague huo uachane na mengine. Kisha rudi nyuma kidogo, kaa mahali pa mtazamaji. Punje hazikutengenezwa zitazamwe kutoka umbali wa kiganja.

Usihukumu filamu kwa picha mgando uliyotumiwa kwenye simu. Fremu moja iliyosimama, iliyobanwa na kukuzwa, haisemi lolote kuhusu filamu inayotembea. Mimi husimamisha picha pale tu ambapo mwendo wenyewe umeshanionyesha tatizo.

Na hilo toleo la mtandaoni unalosema ni safi: diski ya 4K inaweza kupitisha zaidi ya megabiti 100 kwa sekunde, wakati huduma za kutiririsha zinakuambia intaneti ya megabiti 15 hadi 25 inatosha. Ili ipite humo, picha lazima ibanwe, na punje ni ngumu kuzibana kwa sababu hazirudii mpangilio wake hata fremu mbili, kwa hiyo ndizo za kwanza kutupwa. Wakati mwingine unachokiita usafi ni kilichobaki baada ya kubanwa. Tazama moshi, ukungu, au ukuta wenye kivuli, utaona vijisanduku vinacheza.

Ndugu zangu, tujifunze kuheshimu kazi ya watu. Kuna aliyebeba taa usiku kucha, kuna aliyepima mwanga kwenye shavu la mwigizaji, kuna aliyegombania mkanda wa aina fulani kwa sababu alitaka punje za aina fulani. Tukidai kila kitu kilainishwe kifanane na simu zetu, watengenezaji watatusikia, kwa sababu wanauza tunachodai. Patton ya 2008 haikulainishwa kwa chuki. Ililainishwa kwa sababu kuna mtu aliamini wanunuzi ndivyo tunavyotaka. Basi tuwaandikie. Tukiona kazi nzuri tuseme, tukiona uso umefutwa tuseme pia, kwa jina la filamu na dakika yenyewe. Matoleo ya mwaka 2012 ya Patton na The French Connection yamekuja kwa sababu watu walisema.

Diski zako za zamani usizigawe mpaka uwe umelitazama toleo jipya mwanzo hadi mwisho. Hata zile mbaya zina kazi yake, kwa sababu bila hizo huwezi kumwonyesha mtu tofauti. Mimi Patton zote mbili ninazo. The French Connection ya 2009 niliiazimisha na haikurudi, kwa hiyo mwenye nakala anayetaka kuiuza aniandikie, mradi diski iwe haijakwaruzika.