Kwenye Baridi Kali, Usiuamini Mwili Wako

Anayehamia nchi ya baridi kali kwa mara ya kwanza huniuliza swali lile lile: ninunue koti gani? Nitalijibu huko mbele, maana koti lina umuhimu wake. Lakini nimefanya kazi ya kupakua mizigo nje kwa misimu kadhaa ya baridi, na kuna jambo ningependa mtu alijue kabla hajagusa koti lolote dukani. Baridi ikizidi, mwili unaacha kusema kweli. Kidole kilichokuwa kikiuma kinaacha kuuma, na mtu anadhani kimepata nafuu. Aliyekuwa anatetemeka anatulia, na wenzake wanadhani ameshazoea. Hata akili inayotakiwa iseme "ingia ndani sasa" nayo inapoa na kuchelewa. Ndiyo maana nasema maamuzi ya usalama yafanywe ukiwa ndani, umeketi, una joto lako. Na ukishayaamua, uyafuate hata kama huko nje unajiona mzima kabisa.

Anza na upepo. Watu husoma kipimo cha joto peke yake, wakati nusu ya habari iko kwenye upepo. Juu ya ngozi yako kuna tabaka jembamba la hewa ambalo mwili umelipasha joto. Upepo ukivuma unalipeperusha, mwili unapasha jingine, nalo linaondoka. Paul Siple na Charles Passel, watafiti wa Kimarekani, walilipima jambo hili huko Antaktika mwanzoni mwa miaka ya 1940 kwa kuangalia maji yaliyo kwenye chombo yanachukua muda gani kuganda upepo unapovuma kwa kasi mbalimbali. Hesabu inayotumika Marekani na Kanada leo ilirekebishwa mwaka 2001. Chukua mfano mmoja: joto likiwa nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo ukaenda kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kama vile ni nyuzi 28 chini ya sifuri bila upepo, na inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Dakika 30 ni muda wa kawaida tu wa kusubiri basi lililochelewa.

Kazini kwetu kilichotuingiza ndani kilikuwa saa. Siku za upepo mbaya tulikubaliana muda kabla ya kutoka, na ukifika kila mtu anaingia, aliyesikia baridi na asiyesikia. Utaratibu wa pili ulikuwa kutazamana usoni. Siku moja mwenzangu alikuwa anasimulia jambo huku anacheka, na shavuni pake nikaona kidoa kimepauka, kimekuwa cha kijivu kuliko ngozi iliyokizunguka. Yeye hakuwa anasikia chochote. Tulimwingiza, akakifunika kwa kiganja chenye joto, na baada ya muda hisia zikarudi kwa maumivu makali. Maumivu hayo ni dalili kwamba damu inapita tena.

Hapa niseme jambo kwa wenye ngozi nyeusi kama mimi. Vipeperushi vingi nilivyopewa vinakuambia utafute wekundu kisha weupe. Kwetu sisi wekundu hauonekani kirahisi. Tafuta upaukaji, rangi ya majivu, ngozi iliyokakamaa na kung'aa kidogo, na zaidi ya yote sehemu iliyokufa ganzi. Pua, masikio, mashavu, kidevu, vidole vya mikono na vya miguu ndivyo vinavyotangulia. Ukikiona kitu cha namna hiyo, usikisugue, wala usikipake theluji, ule ushauri wa zamani unaoharibu nyama iliyokwisha kuumia. Usikiweke karibu na moto au hita pia, kwa sababu sehemu iliyokufa ganzi inaungua bila wewe kujua. Kilicho bora ni maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, ambayo mtu mwenye hisia zake ameyajaribu kwanza kwa mkono. Kama uko mbali na bado kuna hatari ya kuganda tena njiani, ni afadhali kutokiyeyusha mpaka ufike, maana kuyeyuka na kuganda mara ya pili kunaumiza zaidi. Malengelenge yakitoka usiyatumbue. Sehemu ikibaki ngumu au haina hisia, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Hatari kubwa kuliko hiyo ni joto la mwili mzima kushuka. Kwa kawaida tuna nyuzi 37 hivi. Likishuka chini ya 35, hiyo ni dharura. Mtu huanza kwa kutetemeka sana, vidole vinashindwa kufunga zipu, anajikwaa, ulimi unakuwa mzito, anajibu mambo yasiyoulizwa. Anayemwona kwa mbali humdhania mlevi akampita, jambo linalonihuzunisha sana. Akiacha kutetemeka na bado yuko kwenye baridi, hali imekuwa mbaya zaidi. Wapo ambao wakifikia mwisho huona joto la ghafla, wakaanza kuvua nguo kwenye theluji. Ukimkuta mtu hivyo, piga simu ya dharura, kisha mwondoe kwenye upepo na ardhi baridi kwa utulivu, bila kumtikisa, kwani moyo uliopoa huvurugika kwa urahisi. Mvue nguo zilizolowa. Pasha joto kiwiliwili kwanza, yaani kifua, shingo na kinena, kwa mablanketi makavu au hata joto la mwili wako. Usimsugue mikono na miguu, usimtumbukize kwenye maji ya moto. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, kinywaji cha vuguvugu chenye sukari kinasaidia.

Pombe usimpe, wala wewe usiinywe kwa ajili ya baridi. Pombe hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Damu yenye joto inakuja juu, unahisi umepata moto, kumbe joto lile lile linatoka nje ya mwili. Utajihisi vizuri huku unapoa.

Sasa mavazi. Koti moja zito linasaidia kidogo kuliko nguo tatu zilizopangwa vizuri. Ya ndani kabisa iwe ya sufu au ya kitambaa cha sintetiki kinachoondoa jasho mwilini. Ya kati inashika hewa: sweta nene linatosha. Ya juu inazuia upepo na maji. Pamba iache nyumbani siku za baridi kali, hasa ile ya kugusa ngozi, kwa sababu ikinyonya jasho inakaa imelowa, na maji hubeba joto la mwili mara 25 hivi kwa kasi kuliko hewa. Jasho ni adui ambaye wageni wa baridi hawamtarajii. Ukiwa unafanya kazi ya nguvu, fungua zipu kabla hujaanza kutoka jasho, usisubiri ulowe ndipo ufungue.

Glavu zinazoweka vidole vinne pamoja zina joto kuliko zile zinazovitenganisha. Viatu viwe na nafasi. Wengi huvaa soksi mbili nene ndani ya kiatu kinachobana, damu ikashindwa kufika vidoleni, wakashangaa miguu kuwa ya baridi kuliko walipovaa moja. Mimi hutembea na soksi kavu za akiba ndani ya mfuko wa plastiki, na huzibadilisha katikati ya siku, iwe nahisi unyevu au sihisi. Simu nayo iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwani betri hufa haraka kwenye baridi, na siku utakayoihitaji zaidi ndiyo siku hiyo.

Naomba unisikilize vizuri kwenye hili linalofuata, kwa sababu linaua watu wakiwa ndani ya nyumba zao, wamejifunika, wanajiona salama. Usiwashe jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa ili kujipasha moto. Jiko la kuchomea nyama, jenereta na gari linalounguruma ndani ya banda lake viko kundi moja, hata mlango wa banda ukiwa wazi. Mkaa unapoungua hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na isiyomfanya mtu akohoe. Inashikamana na damu kwa nguvu kubwa kuliko oksijeni, kwa hiyo unapumua kawaida huku ubongo unakosa hewa. Kichwa kinauma, unasikia kichefuchefu, kizunguzungu, kisha usingizi. Mtu anasema "ngoja nijilaze kidogo" na haamki. Mwezi Februari 2021, baridi kali ilipokata umeme kwenye jimbo la Texas, watu wengi walidhurika namna hii wakijaribu kupasha familia zao joto kwa vitu vilivyokuwa karibu. Walikuwa wazazi wenye upendo wakifanya walichoweza.

Kwa hiyo weka kengele ya kaboni monoksidi karibu na unapolala, na uijaribu betri yake kabla baridi haijaanza. Kama watu wawili au watatu nyumbani wameumwa kichwa kwa pamoja, tokeni nje kwanza, wote, ndipo mpige simu. Jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, mbali na madirisha. Hita ya umeme iwe mita moja kutoka kwenye pazia na kitanda, na ichomekwe moja kwa moja ukutani badala ya kwenye waya wa kuunganishia. Shirika la Afya Duniani linashauri joto la ndani lisipungue nyuzi 18 kwenye nchi zenye majira ya baridi. Usipoweza kupasha nyumba nzima, chagueni chumba kimoja, zibeni uwazi wa chini ya mlango kwa nguo, mlale humo.

Nje, barafu nyembamba inayoonekana kana kwamba ni lami iliyolowa ndiyo inayovunja nyonga. Tembea kama bata: hatua fupi, unyayo wote chini, uzito juu ya mguu wa mbele, mikono nje ya mifuko. Kuondoa theluji kwa sepetu nako kuna hatari ambayo watu huidharau. Baridi hukaza mishipa na kupandisha shinikizo la damu, na wakati huo huo kazi inautaka moyo upige kwa nguvu. Isukume theluji badala ya kuinyanyua, pumzika mara kwa mara, na kama una ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu mwachie mtu mwingine. Kifua kikibana, acha hapo hapo uombe msaada.

Ukikwama na gari kwenye theluji, baki ndani ya gari. Toa theluji inayoziba ekzosi kabla ya kuwasha injini, iwashe kama dakika 10 kila saa, na uache dirisha wazi kidogo upande usio na upepo. Blanketi, tochi, maji na sepetu vikae garini msimu mzima.

Watoto wachanga na wazee ndio wanaodanganywa zaidi na miili yao. Kichanga hawezi kutetemeka vya kutosha. Ukimwona amezubaa, ngozi ya baridi, hataki kunyonya, mpeleke hospitali. Asilale na blanketi lililo huru kabla ya kutimiza mwaka, mfuko wa kulalia unatosha. Kwenye kiti cha gari mvue koti nene, mfunge mkanda, ndipo umfunike juu, kwa maana koti hubonyea ajali ikitokea na mkanda ukawa umelegea. Mzee naye huenda akakuambia hasikii baridi na akawa anasema anachokihisi kweli, huku chumba kikiwa cha nyuzi 13. Weka kipimajoto ukutani na usome hicho. Mwenye kisukari akague miguu yake kwa macho kila jioni, kwa sababu hisia za nyayo zinaweza kuwa zimepungua.

Kunywa maji hata bila kiu, maana hewa ya baridi ni kavu na kiu hupotea. Paka mafuta ya mgando usoni na midomoni. Mwenye pumu afunge skafu mdomoni na puani ili hewa ipate joto kabla ya kuingia kifuani.

Na kuna giza. Siku zikifupika, jua likawa chini, ngozi nyeusi inapata shida zaidi kutengeneza vitamini D. Uingereza hushauri mikrogramu 10 kwa siku msimu wa vuli na wa baridi, na wenye ngozi nyeusi wafikirie kuitumia mwaka mzima. Usingizi usioisha, hamu ya kujitenga, kuona kila kitu kizito: wengi wetu hujiita wavivu tukavumilia, wakati ni hali inayojulikana kitabibu, iliyoelezwa na daktari Norman Rosenthal na wenzake mwaka 1984, na ina tiba. Kutoka nje asubuhi kukiwa na mwanga husaidia. Ipo pia taa maalumu ya mwanga wa laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha mwanga) ambayo mtu hukaa mbele yake kama nusu saa kila asubuhi, bila kuikodolea macho. Kama una ugonjwa wa macho, au hisia zako huwa zinapanda sana kisha zinashuka sana, zungumza na daktari kabla ya kuitumia. Na ukifika mahali pa kutamani kutokuwepo, usisubiri msimu upite. Mpigie mtu leo, kisha uende hospitali.